Butembo-Beni: Daftari la deni katika famasi limekuwa bima ya wagonjwa wengi

Katika famasi ndogo za mitaa ya Butembo na Beni, kitu kinachosaidia wagonjwa wengi hakionekani kwenye rafu. Kiko chini ya meza: ni daftari la shule, lenye majina ya watu, namba za simu, dawa waliyochukua na pesa iliyobaki. Mama aliyechukua siro ya mtoto wake atalipa siku ya soko. Motari aliyechukua vinini vya malaria ametoa nusu, nusu nyingine italetwa jioni. Mwalimu anayemeza dawa za tansio atalipa mshahara ukitoka.

Watu wanamwita mwenye famasi "dokta", hata kama mara nyingi ni muuguzi aliyesomea ISTM, au kijana aliyefundishwa kazi na mjomba wake. Yeye ndiye anayesikia kila siku maneno yale yale: "Dokta, unisaidie, mtoto amelala na homa, nitakuletea kesho." Na mara nyingi anasaidia. Katika miji hii miwili ya Kivu ya Kaskazini, ambako bima ya ugonjwa inajulikana na watu wachache tu, wema huo umechukua nafasi ya kitu ambacho serikali na mashirika wamekuwa wakikiahidi kwa miaka mingi.

Lakini wema huo una bei, na anayeilipa ni mtu ambaye hahesabiwi katika mpango wowote wa afya.

Kwa nini mgonjwa anaanzia famasi

Ili kuelewa daftari hilo, inafaa kuanzia hospitalini. Katika Congo, kituo cha afya kinaishi kwa pesa ya mgonjwa. Mfumo huo ulipata nguvu tangu mwaka 1987, wakati mawaziri wa afya wa Afrika, pamoja na UNICEF na OMS, walipokubaliana kule Bamako kwamba wagonjwa wachangie malipo ya dawa ili kituo kiweze kununua zingine. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: dawa inauzwa kwa faida kidogo, faida inarudisha dawa nyingine. Kwa kuwa serikali hailipi wauguzi wote, na wengi wao wanangoja posho isiyofika, pesa ya mgonjwa imebeba pia mishahara, sabuni, mafuta ya jenereta na ukarabati wa paa. Mgonjwa analipa fishi, analipa kuonwa, analipa maabara, kisha analipa dawa.

Mwenye franga chache anafanya hesabu yake mwenyewe. Anajua pia kwamba katika nchi hii mgonjwa aliyepona anaweza kuzuiliwa hospitalini mpaka jamaa walete pesa, na kila siku anayolala pale inaongeza deni. Akina mama waliojifungua wanaujua woga huo. Ndiyo maana wengi wanapita famasi kwanza, na hospitali wanaifikiria ugonjwa ukishakuwa mkubwa.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongomani 7 kati ya 10 waliishi kwa chini ya dola 2,15 kwa siku. Pale Beni na Lubero hali imeongezewa uzito wa vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayofanywa na ADF yamewatoa wakulima katika mashamba yao ya kakao na kahawa, kuanzia Eringeti na Oicha mpaka upande wa Ruwenzori. Mwenye shamba la kakao ambaye haruhusiwi kulifikia, au anayelifikia kwa kuhatarisha roho yake, hawezi kulipa deni la famasi wakati wa mavuno kama alivyofanya zamani. Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa Juni 2024, watu wengi walipanda upande wa Lubero na Butembo. Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, Beni ikawa makao ya muda ya serikali ya jimbo, na familia nyingine tena zikaja kutafuta nyumba za kupanga.

Watu wanaongezeka, pesa haiongezeki. Daftari linanenepa.

Dawa inatoka wapi

Mwenye famasi wa mtaa hanunui kiwandani. Ananunua kwa dipo, pale katikati ya mji, na dipo inaleta mali yake hasa kwa njia ya Kasindi, kutoka Uganda, ambako inapita dawa iliyotengenezwa India, Kenya, China au Uganda kwenyewe. Butembo imejengwa na njia hiyo. Wafanyabiashara wake wanaijua Dubai na Guangzhou kama wengine wanavyoijua Beni na Lubero, na dawa inasafiri pamoja na vitambaa, vyuma na vipuri vya pikipiki.

Barabara kati ya Beni na Kasindi, ambayo ni karibu kilomita 80, imeshambuliwa mara nyingi, magari yakachomwa na madereva wakauawa. Kwa muda mrefu magari yamekuwa yakitembea kwa msafara chini ya ulinzi wa jeshi. Gari linalolala njiani linaongeza gharama, na kila ofisi ya mpaka ina karatasi yake ya kulipisha. Upande mwingine, ASRAMES, ambayo ndiyo ghala kubwa la dawa muhimu lililokuwa likihudumia vituo vya afya vya jimbo, iko Goma. Kati ya Goma na Butembo kuna sasa mstari wa vita.

Msaada wa nje nao umepungua. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa inabeba karibu asilimia 70 ya msaada wa kiutu kwa Congo. Mwezi wa Januari 2025 pesa hiyo ilisimamishwa, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa rasmi. Dawa ambayo mgonjwa alikuwa akiipata bure katika kituo kinachosaidiwa na shirika, akiikosa pale, anakwenda kuitafuta kwenye famasi ya mtaa.

Halafu kuna swali la dola. Dipo inahesabu kwa dola, mgonjwa analipa kwa franga. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu franga 2 000. Mwisho wa mwaka ule ilikuwa imepita 2 600. Tuseme mwenye famasi alitoa dawa ya franga 20 000 kwa deni mwezi wa Januari: aliandika dola 10. Mtu yule akileta franga zake 20 000 mwezi wa Desemba, amelipa deni lake lote kwa uaminifu, na hakuna wa kumlaumu, lakini dipo inaziona kama dola 7 na senti kidogo. Mwaka 2025, franga ilipopanda ghafla katika miezi ya mwisho, hesabu ilikwenda kinyume. Bei za dukani hazikushuka haraka kama dola ilivyoshuka, na wenye madeni ya dola ndio waliopumua kidogo.

Chukua famasi ndogo yenye mtaji wa dola 600. Ikiwa dola 150 ziko ndani ya daftari, robo ya duka haiko kwenye rafu. Mwenyewe akienda dipo, ananunua kwa zilizobaki. Dawa ya antibiotiki inayohitajika leo haipo, si kwa sababu imekosekana mjini, lakini kwa sababu pesa yake iko kwa mtu anayengoja kuuza viazi. Na yeye mwenyewe mara nyingi ana deni kwa dipo. Dipo ikikaza, naye atakaza. Wema wa mtaa unategemea uvumilivu wa tajiri mmoja katikati ya mji.

Wema unaoponya na wema unaoua

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu zaidi, na ni upande ambao hauzungumzwi sana wakati watu wanawasifu "madokta" wao.

Mtu anaingia na franga za kununua nusu ya dawa. Mwenye famasi mwenye huruma anakata plaketi, anampa anachoweza kulipia. Wote wawili wanaridhika. Lakini dawa hazifanani. Kwa malaria, mtu mzima anayetibiwa kwa artemetere na lumefantrini anameza vinini 24 kwa siku tatu, 4 asubuhi na 4 jioni. Akipewa 12, homa itashuka siku ya pili, atarudi shambani, na wadudu waliobaki katika damu watarudi nao baada ya wiki moja au mbili. Ni hatari kwake, na ni hatari kwa wengine pia: nchini Uganda, jirani wa mlango wa pili, wachunguzi wamekwisha kuthibitisha wadudu wa malaria wanaoanza kuvumilia artemisinini. Antibiotiki iliyokatwa katikati inaleta shida ya namna hiyo hiyo. Mtu wa kifafa anayekatiwa dawa yake ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko zamani.

Dawa ya tansio ni jambo tofauti. Mtu anayemeza kinini kimoja kila siku, akiwa na pesa ya wiki moja, auziwe ya wiki moja. Kitu cha lazima ni kwamba arudi siku ya saba. Mwenye famasi anayelijua hilo anafanya kazi mbili kwa mara moja: anamsaidia mwenye pesa kidogo, na anamfuatilia. Wako wanaompigia mgonjwa simu siku ya nane kuuliza kwa nini hajaonekana. Hakuna anayewalipa kwa simu hiyo.

Kwa hiyo wema wa kweli kwenye famasi ni kujua nini kinakatwa na nini hakikatwi. Kwa malaria, mwenye moyo mzuri na akili nzuri anatoa vinini vyote 24 na anaandika nusu kwenye daftari. Mwenye moyo mzuri bila maarifa anatoa 12. Mgonjwa hawezi kuwatofautisha, kwa sababu wote wawili wamemwambia "pole, mama" na wote wamepokea pesa aliyokuwa nayo.

Kuna wema mwingine usiogharimu hata franga moja: kumwambia mgonjwa kwamba dawa iliyoandikwa kwa jina la kiwanda kikubwa inapatikana kwa jina lake la kawaida kwa bei ndogo. Karatasi ya daktari inaandika Coartem. Artemetere na lumefantrini za kiwanda kingine, kama zimeingia kwa njia halali, zinatibu malaria ile ile. Anayeuza anapata faida ndogo zaidi kwa kusema hivyo, na wako wanaosema. Kuna vile vile kukataa kuuza. Mtu amekuja kuomba serumu ya vitamini kwa mtoto anayetapika na ambaye shingo yake imekakamaa. Kumwambia "peleka hospitali sasa hivi", na kumwitia motari, ni kupoteza mauzo. Siku ile anaweza hata kulaumiwa.

Deni nalo lina upande wake wa giza. Mwenye deni hana sauti. Akipewa dawa inayokaribia kuharibika, au ya kiwanda kisichojulikana, atafanya nini? Atanyamaza, kwa kuwa kesho atarudi kuomba tena. Wako wauzaji wanaojua hilo vizuri, na kuna deni linalotolewa ili rafu iliyozeeka ipunguke. Mtu anayesifu famasi zote za deni bila kuchagua anasahau watu hawa.

Onyo la Ituri

Jirani na Beni, katika Ituri, kulitokea jambo ambalo kila mwenye famasi wa eneo hili angepaswa kulikumbuka. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015, wagonjwa zaidi ya 900 walionekana wakiwa na misuli ya uso, ulimi na shingo iliyokazwa vibaya. Wengi walikuwa watoto. Waganga walidhani kwanza ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamemeza vinini vilivyoandikwa diazepamu, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Mwezi wa Julai 2015 OMS ilitoa onyo kwa dunia nzima.

Waliozitoa dawa zile katika vituo na katika famasi hawakuwa na nia mbaya. Walinunua mkebe wenye maandishi, wakaamini maandishi. Muuzaji mdogo hana maabara. Anachoweza kufanya ni kununua kwa dipo inayotoa faktura, kuandika namba ya loti, na kukataa bei iliyo ndogo kupita kiasi. Lakini bei ndogo kupita kiasi ndiyo inayomvutia mtu ambaye robo ya mtaji wake imelala kwenye daftari. Hapo wema wa jana unamsukuma kwenye kosa la leo.

Sheria haikosekani. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 imeweka misingi ya afya ya watu nchini, pamoja na kazi ya dawa. ACOREP, ambayo ndiyo mamlaka ya kusimamia dawa, inapaswa kutoa vibali na kukagua. Mara kwa mara viongozi wa afya na wa mji wanatangaza kwamba famasi zisizo na kibali zitafungwa, na kwa kweli nyingi hazitimizi masharti: hazina mfamasia mwenye diploma, hazina friji inayofanya kazi, ziko mita chache tu kutoka famasi nyingine.

Ni vizuri kufunga famasi inayouza dawa mbovu. Lakini wakaguzi wanapopita mtaa mzima na kufuli, kuna swali ambalo linapaswa kuulizwa kabla: wale majina 80 au 100 yaliyo kwenye daftari watakwenda wapi kesho asubuhi? Famasi kubwa ya katikati ya mji, yenye kibali chake ukutani, haimjui mama wa mtaa wa Furu wala motari wa Mabakanga. Haitampa deni. Wengine watakwenda kwa muuza dawa anayetembea na mkoba sokoni, ambaye hana kibali, hana friji na hana anwani.

Somo la Ebola lilisahauliwa haraka

Eneo hili lilikwisha kuona jambo hili kwa macho. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, uligusa watu 3 470 na kuua 2 287. Beni, Butembo, Katwa na Mangina ndizo zilizoumia sana. Katika miezi ya kwanza kule Beni, ilionekana kwamba watu wengi, na hasa watoto, waliambukizwa katika vituo vidogo vya mitaa na dispensari ambazo zinachanganya dawa za kisasa na za kienyeji. Malaria ilikuwa imepanda wakati ule ule. Mtu mwenye homa alikwenda kwa "dokta" wake wa karibu, akachomwa shindano, na shindano zilitumika bila usafi wa kutosha. Tarehe 28 Novemba 2018 ilianzishwa kampeni ya kugawa dawa za malaria na vyandarua katika Beni, ikilenga watu 450 000, ili homa za malaria zipungue na zile za Ebola zionekane.

Kwa hiyo dispensari za mitaa zilikuwa sehemu ya hatari. Lakini zilikuwa pia mahali watu walipokubali kuingia. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto kwa siku chache tu. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo. Wakati watu walikuwa wanakataa kupanda magari ya "riposte", walikuwa bado wanamwonyesha muuguzi wa mtaa ulimi wa mtoto. Waliokuwa wanapambana na ugonjwa walilazimika kuwafuata watu hawa, kuwafundisha na kuwaomba watoe habari za wagonjwa.

Wakati ule pia serikali ilitangaza matibabu ya bure katika maeneo yaliyoguswa. Vituo vilijaa. Ilionekana wazi kwamba wagonjwa hawakuwa "wanapenda famasi", kama wengine walivyozoea kusema. Walikuwa wanakimbia bei. Riposte ilipofunga mizigo yake, bei zilirudi, na daftari nalo likarudi kwenye meza.

Nani hayumo kwenye daftari

Daftari la deni linafanya kazi kwa kujuana. Mwenye famasi anampa deni mtu anayejua nyumba yake, shamba lake, kanisa lake, au ndugu yake. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo kasoro yake kubwa. Aliyefika jana kutoka Lubero ya kusini, akiwa na watoto wanne na godoro moja, hana nyumba inayojulikana. Atahitaji mwenyeji wa kumshuhudia, na deni litaandikwa kwa jina la mwenyeji, ambaye naye anabeba familia mbili kwenye sufuria moja ya bukari. Mwenyeji akichoka, mgeni hana tena mlango. Yaani yule mwenye shida kuliko wote ndiye mwenye nafasi ndogo ya kuandikwa.

Na vita havijaacha vituo vya vijijini ambavyo vingewapokea watu hawa kabla hawajafika mjini. Katikati ya Novemba 2025, kituo cha afya cha Byambwe katika wilaya ya Lubero kilishambuliwa na ADF, watu wasiopungua 17 wakauawa, wakiwemo akina mama waliokuwa pale kwa uzazi. Baada ya jambo kama hilo, vijiji vinahama, na wagonjwa wao wanahamia famasi za Butembo ambazo hazikuwajua kamwe.

Katika miji hii kuna chombo kingine ambacho kingeweza kusaidia, nacho kinajulikana na karibu kila mama wa soko: ni MUSO. Wanachama wanachanga kila wiki, na pesa inawekwa katika masanduku ya rangi. Sanduku la kijani ni la mikopo. Sanduku jekundu ni la mateso ya mwanachama: ugonjwa, kifo, ajali. La bluu linapokea pesa kutoka nje. Kwa kawaida sanduku jekundu linafunguliwa mtu akilazwa hospitalini au akifiwa. Ni mara chache linafunguliwa kwa ajili ya vinini vya franga elfu chache, kwa sababu watu wanaona ni kitu kidogo. Lakini ni katika kitu hicho kidogo ndipo malaria inapogeuka kuwa kulazwa, na sanduku linalipa mara kumi.

Kama MUSO ya mtaa ingekubaliana na famasi moja au mbili zinazoaminika, ikalipa deni la mwanachama kila mwisho wa mwezi kutoka sanduku jekundu, mwenye famasi angepata mtaji wake na mwanachama angepata dozi nzima. MUSO nayo ingekuwa na haki ya kuuliza: dawa hii umeitoa dipo gani? Tuonyeshe faktura. Mwenye deni mmoja hana sauti. Wanachama thelathini wanayo. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu mashirika ya kusaidiana inatoa nafasi ya kuandikisha bima za namna hii, ingawa masharti yake yaliandikwa kwa ajili ya vyama vikubwa kuliko akina mama ishirini wanaokutana chini ya mti wa parachichi. Mpango wa serikali wa bima ya afya kwa wote, ulioanza Kinshasa Septemba 2023 kwa uzazi wa bure, unaanzia kwenye uzazi. Malaria ya mtu mzima, tansio na ugonjwa wa sukari vinabaki mfukoni mwa familia.

Kwa upande wa vibali, hakuna kinachokataza viongozi kutenganisha famasi ambazo zinaweza kurekebishwa na zile zisizofaa kabisa: kuwapa wauguzi wenye famasi za mitaa muda na mafunzo, kuwawekea orodha fupi ya dawa wanazoruhusiwa, kuwalazimisha kununua kwa dipo zinazokaguliwa, na kuanza ukaguzi kwenye dipo zenyewe, kwa kuwa ndizo chache na ndizo zinazojulikana. Kufunga kibanda cha mtaani ni rahisi zaidi kuliko kuuliza mkebe ulipita Kasindi kwa karatasi gani.

Leo mkaguzi akiingia famasi ya mtaa anaomba kibali, diploma, kitabu cha manunuzi, na anafungua friji. Daftari la deni halimo kati ya karatasi zinazoombwa. Lingeombwa, lingeonyesha ni familia ngapi za mtaa ule zilishindwa kununua dozi nzima mwezi uliopita, kwa ugonjwa gani, na zilikosa franga ngapi.